Maziwa ya Aliyepona

Nduwayo aliijua sumu ya kipindupindu kuliko alivyowajua wakwe zake. Sisemi hivyo kumcheka, maana yaliyompata hayachekwi. Mtu aliyekaa miaka kwenye maabara ya chuo kule Bujumbura, akiwalisha panya sumu kwa ncha ya sindano na kuwachungulia usiku na mchana, ana haki ya kuijua. Lakini wakwe hawapimwi maabara, na Wahangaza wa Mabawe si panya wa kufungiwa kizimbani.

Vita vilipowaka Burundi alivuka kuja Ngara na mkewe, Esperansia. Esperansia akafia njiani kwa homa, akazikwa kando ya shamba la mtu wasiyemjua. Binti yao mmoja, Speciose, alikuwa tayari upande huu. Aliolewa Mabawe kabla ya vita, na Thobias mwana wa Bartholomayo. Mpaka ule ulikuwa wa kwenye ramani tu, harusi zilikuwa zinauvuka kila kiangazi na hakuna aliyeshangaa. Basi binti akawa mke wa mtu mwenye migomba na ng'ombe, na baba akawa mkimbizi chini ya turubai, mwendo wa kutwa nzima kutoka kwa mwanawe, na haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Ndiyo dunia hiyo.

Mwaka wa mvua za Elinino, Speciose alisikia baba yake anaumwa malaria. Mumewe Thobias alikuwa Biharamulo, kule Nyantakara, analima vibarua kwenye mashamba ya pamba ya Wasukuma. Akamfunga mtoto mgongoni, kitoto cha kike cha miezi mitano kiitwacho Restuta, akaja kambini kumwuguza baba. Baba akapona. Kabla hajageuka kwenda kwao, kipindupindu kikamwangusha Speciose mwenyewe.

Walimlaza kwenye yale mahema ya kando, kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Alitoka maji mpaka macho yakaingia ndani na sauti ikakauka. Muuguzi wa zamu alikuwa Secilia, dada wa Kihaya, mwenye mdomo mwepesi na mikono mizuri. Alimtundikia dripu mbili kwa mpigo, mkono huu na mkono huu. Na kila mtoto alipolia, Secilia alinawa, akamsafisha mama kifua kwa sabuni, akamweka mtoto ziwani. Wengine walimgombeza, wakasema anamlisha mtoto ugonjwa. Hakuwasikiliza.

Speciose akapona. Mtoto naye, jamani, hakuharisha hata tone. Kwenye hema lile lile watoto waliokwisha kuachishwa waliondoka wamefungwa kwenye blanketi. Restuta alibaki na mashavu yake, anacheka na kila mtu.

"Mwalimu," Secilia alimwuliza Nduwayo siku moja, wakiwa nje, yeye anaosha mabuti kwa maji ya klorini, "mimi nanyonyesha wagonjwa kwa sababu tulifundishwa hivyo. Lakini wewe ulisoma hivi vitu. Huyu mtoto amepona na nini?"

Hapo ndipo ungemwona Nduwayo mwingine. Mgongo ulinyooka. Tangu avuke mpaka hakuna aliyemwuliza swali la kazi yake; walimwuliza idadi ya watu wa familia, basi.

"Mdudu wa kipindupindu mwenyewe hapenyi mwilini," alisema. "Anakaa juu ya ukuta wa utumbo, anatema sumu. Sumu ile ina vipande sita. Vitano vimeshikana duara, kazi yake ni kushika tu. Ngozi ya seli za utumbo ina mafuta fulani yenye sukari, na vile vitano vinayajua mafuta yale, vikiyapata vinang'ang'ania. Sasa cha sita, ambacho kimekaa juu ya wenzake, ndicho muuaji. Kinaingia ndani ya seli, kinakwenda mpaka kwenye swichi, kinaiwasha, kisha kinaiharibu isizimike tena. Seli inaambiwa mwaga, mwaga, mwaga. Inamwaga chumvi, na maji yanaifuata chumvi. Hiyo ndiyo ndoo unayoibeba kila asubuhi."

"Hiyo naijua kwa pua," Secilia akasema.

"Sikiliza sasa. Utumbo una walinzi wake. Walinzi hao ni wavivu, na ni lazima wawe wavivu, maana kila siku unakula maharage na samaki na ndizi, wakipigana na kila kinachopita utakufa kwa vita vya chakula. Mimi niliwapa panya ute wa yai peke yake. Walinzi wakalala. Nikawapa ute ule ule, nikatia na sumu ya kipindupindu, kidogo mno. Lo! Ile swichi ikawaka ndani ya walinzi wenyewe. Wakaamka, wakavaa alama za hatari, wakaenda mpaka kwenye tezi kuwafundisha askari wengine, na wakafundisha vyote viwili, sumu na ute wa yai. Kitu ambacho mwili ulikuwa unakidharau ukakikumbuka miezi. Hakuna dawa niliyowahi kuiona inaamsha utumbo kama sumu ile."

"Kwa hiyo sumu ni mwalimu?"

"Mwalimu wa viboko. Anayebaki hai darasani hasahau." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na wale askari waliofundishwa hawabaki tumboni. Mama akiwa ananyonyesha wanasafiri kwenye damu mpaka kwenye maziwa, na huko wanatengeneza kingamwili zinazokwenda kuvishika vile vipande vitano kabla havijashika ukuta. Nililiona kwa macho yangu. Nilichukua watoto wa panya aliyepona nikampa mama mwingine, na wa yule mwingine nikampa aliyepona. Kisha wote nikawapa sumu. Walionyonya kwa aliyepona ndio walioishi, hata wale ambao si wake."

Secilia aliweka buti chini. "Basi mwambie binti asimwachishe huyu mtoto mwaka huu," alisema. "Ugonjwa utafika vijijini tu. Maji haya yote yanakwenda wapi?"

Nduwayo aliitikia ndiyo, ndiyo. Lakini hakumwambia binti. Alidhani hakuna haja, maana ni mwanamke gani wa kwao anamwachisha mtoto wa miezi mitano?

Angekuwepo Esperansia angekumbuka. Kule Mabawe mwanamke akiugua ugonjwa wa kuhara, wakubwa husema maziwa yake yameharibika tumboni, na mtoto hapewi mpaka mama atakate. Speciose alipofika nyumbani amekonda, mashavu hayapo, mama mkwe wake Petronila alimpokea kwa machozi, akamchemshia uji, akampokonya mtoto kwa upendo. Ndiyo, kwa upendo! Msije mkamwona Petronila mchawi. Mama yule alimpenda mjukuu wake kuliko macho yake. Akaanza kumpa maziwa ya ng'ombe kwa kikombe, yaliyoongezwa maji ya kisimani ili yasimkae tumboni.

Nduwayo alipata kibali baada ya siku kadhaa, akaenda kumshukuru bamwana wake. Bamwana ndivyo wazazi wa mume na wa mke wanavyoitana. Bartholomayo alimtolea kiti uani, akaleta mtungi wa urwagwa, ile pombe ya ndizi, akanyonya yeye kwanza kwenye mrija ili mgeni aone haina sumu, kisha akampa mgeni mrija. Wakaulizana habari za mvua. Petronila akapita na mtoto na kikombe, akaketi barazani, akaanza kumnywesha.

Nduwayo alikiona kikombe. Akamrudishia mwenyeji wake mrija.

"Mama yake bado hajatakata," Bartholomayo alisema, kumtoa wasiwasi. "Lakini mtoto anakunywa vizuri."

Sasa wewe unayesoma utasema: si aseme tu! Kinywa si anacho? Anacho. Lakini kwa Warundi na Wahangaza, ambao hata lugha zao zinasikilizana, baba hataji ziwa la binti yake mbele ya wakwe. Hata likiwa na jipu hataji. Ni kama kumvua nguo uani kwa watu. Hilo ni jambo la mama mzazi, na mama akifa ni la shangazi. Shangazi wa Speciose alibaki ng'ambo, na hakuna aliyejua kama yu hai. Tena Nduwayo alikuwa mkimbizi. Mahari ya binti ilikwisha kuliwa na vita, na pale alipokaa alikuwa anakunywa pombe ya watu ambao hana cha kuwarudishia. Mtu wa namna hiyo anaona aibu hata kukohoa.

Kwa hiyo alifanya kama wanavyofanya watu wenye adabu. Alileta ng'ombe kwenye maneno.

"Bamwana," alisema, "huko kwetu nilimjua ng'ombe mmoja alikula sumu malishoni."

Bartholomayo akaacha mrija. Habari za ng'ombe hazisikilizwi huku mtu ananyonya. "Akafa?"

"Aliharisha mpaka akalala chini. Lakini akasimama tena."

"Alikuwa ng'ombe hasa."

"Sasa sikia. Sumu ile ilipoingia tumboni, iliamsha kitu. Na kilichoamshwa tumboni hakikukaa tumboni. Kilisafiri kwenye damu, kikaenda mpaka kwenye maziwa."

"Mpaka kwenye maziwa!"

"Mpaka kwenye maziwa, bamwana. Nimeliona hilo kwa macho yangu, ndiyo kazi niliyoisomea. Na ng'ombe huyo alikuwa na ndama mchanga."

Bartholomayo alikuwa ameinama mbele, macho yamemtoka. Na hapo hapo Speciose akatoka jikoni, akapiga goti kumsalimu baba yake, kanga imefungwa juu kifuani. Ulimi wa Nduwayo ukafa. Atasemaje ndama alinyonya, na mwenye ziwa amepiga goti mbele yake? Aliangalia pembeni. Isitoshe, adabu ya fumbo ni kwamba aliyefumbiwa ndiye anayefumbua; ukimalizia mwenyewe umemwita mwenzako mjinga.

"Wewe ni mfugaji," alisema. "Yaliyobaki utamalizia mwenyewe."

Bartholomayo alimtazama, akamtazama mkwewe aliyepiga goti, akamtazama mjukuu na kikombe. Uso ulibadilika, akaelewa. Akamshika Nduwayo mkono kwa mikono yake miwili. "Nimesikia, bamwana," alisema. "Nimesikia kabisa. Mungu akubariki kwa kutusaidia bila kutuaibisha."

Nduwayo alirudi kambini na moyo mweupe. Njiani alijipongeza, masikini. Alijisemea kwamba hata profesa wake wa zamani asingeweza kueleza jambo zito vile kwa mfugaji, kwa maneno machache, bila kumkosea mtu heshima. Alipomwona Secilia alimwambia, "Nimelimaliza."

"Umemwambia mama mkwe?"

"Nimesema na mwenye nyumba. Kwa heshima."

"Heshima," Secilia alisema. "Mimi hii habari ya heshima inanitia mashaka, mwalimu. Mficha uchi hazai."

"Wewe ni Mhaya, hujui mambo ya huku."

"Kwani Wahaya hatuna wakwe?" Akaenda zake na ndoo.

Mvua ikazidi. Ilinyesha mchana kutwa, mahindi yakaoza shambani, vyoo vikajaa na kumwagika, mabonde yakawa maziwa. Wiki ya tatu akaja kambini Ferdinand, mwuza maharage wa Mabawe, amelowa mpaka kofia. Alipomwona Nduwayo sokoni alimpigia kelele toka mbali.

"Mwalimu! Shikamoo! Bamwana wako anakusifu mpaka kilabuni!"

"Marahaba. Ananisifu nini?"

"Ule usomi wako! Anasema umemwokoa mjukuu. Watu wote tulidhani maziwa ya aliyeugua yanaharibika kwa siku chache tu, kumbe sumu ya tumboni inasafiri inaingia kabisa kwenye maziwa, na inakaa humo. Mama Thobias alikuwa anakaribia kumrudisha mtoto kwa mama yake, bahati nzuri tu wewe ukafika! Siku ile ile wakamfunga mama yake kwa kitenge, wakamkamua, wakamwaga kwenye majivu. Sasa wanawake wengine wawili waliougua nao wamefungwa. Kijiji kizima kinakushukuru."

Nduwayo aliketi chini kwenye matope. Hakutafuta mahali pa kukaa, aliketi tu. Ferdinand alidhani malaria imerudi.

"Wengine wawili waliougua?" aliuliza. "Ugonjwa umefika Mabawe?"

"Umefika. Kisima kile cha bondeni kimefurika. Lakini kwako ni salama, mtoto hagusi ziwa."

Nduwayo akamshika suruali. Akamwomba arudi sasa hivi, amwambie Petronila amfungue Speciose, amrudishe mtoto kifuani, kwamba maneno yake yalipindukia upande wa pili. Ferdinand alirudi nyuma hatua. "Mimi? Nikamtajie mama Thobias ziwa la mke wa mwanawe? Mwalimu, nikitoka pale na meno yote nimshukuru Mungu. Na hata hivyo daraja limekwenda. Limekatika nyuma yangu, nimeliona kwa macho linaondoka."

Alimkimbilia Secilia. Secilia hakumwambia nilikuambia, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Alisema gari la chanjo lilikuwa liende Mabawe Jumamosi, na yeye angekuwemo, lakini sasa hakuna gari linalovuka. Akamjazia mfukoni pakiti za chumvi za kuchanganya na maji. "Nenda kwa miguu," alisema. "Na safari hii uwaambie kwa jina lake."

Aliondoka bila kibali. Kwenye kizuizi walimkamata, wakamweka chini ya mti kwenye mvua pamoja na wengine, wakimsubiri mkubwa wao aliyekwenda kula. Nduwayo aliwasihi. Aliwaeleza kuhusu mtoto, kuhusu maziwa, mpaka akaanza habari za vipande vitano na kipande cha sita, na askari mmoja kijana akamwambia kwa upole, "Mzee, pumzika." Alipumzika vipi? Alikuwa anaona kila kitu kichwani mwake, ndilo lililokuwa adhabu yake. Mwingine angekaa pale anaomba Mungu. Yeye alikaa anaona vile vitano vinaelea kwenye kikombe cha maziwa ya maji, vinashuka, vinafika ukutani, na ukuta hauna kitu, hauna hata mlinzi mmoja aliyeamshwa. Na kingamwili zote ambazo mwili wa Speciose ulizitengeneza kwa kukaribia kufa, zimelowesha majivu. Alilia kwa sauti, mtu mzima, na wenzake chini ya mti wakatazama pembeni.

Walimwachia jioni. Alilala kwenye kibanda cha mtu, alfajiri akavuka bonde kwa kushikilia kamba waliyofunga watu wa kijiji, maji kifuani. Alifika kwa Bartholomayo jua likiwa limepanda.

Mtoto alikuwa mapajani mwa Petronila. Nduwayo hakuhitaji kuambiwa. Utosi umebonyea, macho hayafungi sawasawa, na Petronila alipombadilisha nguo ngozi ya tumbo ilibaki imekunjamana pale pale ilipominywa. Ilianza usiku, walisema. Zahanati hawana dripu, na vijana waliotumwa kwenda Ngara mjini wamerudi kwa sababu ya maji.

"Bamwana," Bartholomayo alisema, "tumefanya kila kitu ulichotuambia."

Basi Nduwayo akasimama katikati ya chumba ambacho baba wa binti hatakiwi kukanyaga, akasema. Alisema ziwa. Alisema ziwa la Speciose, mwanangu, lifungueni. Alisema sumu haikuingia kwenye maziwa, kilichoingia ni kinga, sumu iliupiga mwili wake ukaamka, na kilichoamka ndicho kilichokuwa kwenye maziwa, ndicho kilichomlinda huyu mtoto hemani katikati ya maiti, na ng'ombe alikuwa yeye, na ndama ni huyu. Mate yalimtoka. Petronila aliinua upande wa kanga akafunika uso. Bartholomayo alitoka nje.

Speciose alikuwa ameketi pembeni, miguu ameikunja. Alifungua kitenge mbele ya baba yake, hakugeuka hata ukutani. Kifua kilikuwa bapa.

"Baba," alisema, "yamekauka."

"Mweke. Akinyonya yatarudi. Yanarudi, mwanangu, nimesoma, mtoto akivuta mwili unakumbuka."

Akamweka. Restuta alifungua mdomo, akalishika ziwa kwa midomo mikavu, akaliacha. Walimrudisha. Akalishika, akaliacha. Hakuwa na nguvu ya kuvuta. Mwili wa mama ungeweza kukumbuka kama ungeombwa siku nne, tano, na mtoto hakuwa na siku nne wala tano. Nduwayo alichemsha maji, akayapoza kwa kuyamimina huku na huku, akachanganya pakiti, akaanza kumpa kwa kijiko. Mtoto akatapika. Akampa kidogo zaidi, tone kwa tone, kwa kidole. Alimeza kidogo, yakatoka chini. Kazi hiyo alifanya asubuhi yote, na Speciose akifuta. Yeye aliyejua jina la kila kipande na kila mlango kinapopitia, alikuwa amebaki na kijiko.

Kabla ya saa saba mchana kidole chake kilirudi na tone lile lile, halijamezwa.

Wanaume walikwenda kuchimba. Wanawake wa jirani walisimama nje, hawakuingia kwa kuogopa ugonjwa, wakaombolezea mvuani. Speciose alilala na uso ukutani, hakulia, na baba yake alitaka kumshika bega akaogopa. Petronila ndiye aliyemwosha mjukuu na kumfunga. Alipomaliza alikuja kuketi chini karibu na Nduwayo, karibu kuliko mama mkwe anavyokaa na baba wa binti.

"Siku ile ulikaa pale uani," alisema. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Mimi nilikuwa barazani. Nilikuwa namnywesha, na wewe unaniona. Kwa nini uliongea habari za ng'ombe?"

"Niliogopa kuwaaibisha," Nduwayo alisema. "Nilikuona wewe, nikamwona binti yangu amepiga goti, nikashindwa."

Petronila alilikunja pindo la kanga, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ni kweli, ungeniaibisha," alisema. "Ningejifunika uso, nisingekusalimia mpaka mavuno. Lakini mtoto angenyonya."